Ratiba ya Moyo wa Mama

Nina shahada. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokaribia kumuua mama yangu, na kwa kuwa miaka ile nililitaja mwanzoni mwa kila mazungumzo, sioni sababu ya kubadili utaratibu leo.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya historia na siasa, ndevu chache zilizokataa kukutana kidevuni, na uhakika kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi ikanipangia kufundisha shule ya sekondari mjini Singida. Nikapanga chumba Mandewa, nikanunua jiko la mafuta ya taa na saa ya mkono, na kila Jumamosi nikawa napanda basi la kwenda upande wa Mungaa, ambako mama alikuwa amehamishwa kutoka kwenye tembe yetu ya zamani na kupewa nyumba katika mstari. Nyumba zote za kijiji kipya zilikuwa katika mstari. Aliyechora ule mstari hakuwahi kuchota maji, maana kisima kilibaki kulekule tulikotoka.

Safari ya kisima ndiyo iliyofichua moyo wa mama. Alianza kutua ndoo mara tatu njiani, kisha mara sita. Miguu ikavimba hata ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nilipomuuliza anasikiaje, alisema moyo wake unatembea kama mlevi anayeijua njia ya nyumbani nusu.

"Mara unakimbia," alisema, "mara unasimama kufikiri. Sijui unafikiri nini. Wewe msomi unadhani unafikiri nini?"

Nikamwambia ni uchovu. Nilikuwa nimesoma historia.

Wa kwanza kumtibu alikuwa kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa akiishi Mitundu kwenye vichaka vya kule Itigi. Alikuwa mrefu, mwenye majivuno, mvuta ugoro, na aliamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa akiwa mikononi mwake; waliokufa walikuwa wamemtoroka kidogo kabla. Alikuja na kibuyu cha asali na kifurushi cha vitunguu vya porini, vile vikubwa vyenye utomvu unaowasha mikono. Alivikatakata, akavikausha, akachemsha kiasi kidogo, na maji yake akayatia kwenye uji wa uwele. Baada ya wiki mbili uvimbe wa miguu ulipungua.

"Unaona?" aliniambia.

"Ungepungua tu, mjomba. Amepumzika."

"Amepumzika! Basi na mimi nikupumzishe wewe siku moja tuone utapungua nini."

Lazima nieleze kwamba katika ukoo wetu dawa iliyochimbwa na ndugu wa tumbo moja hairudishwi. Unaweza kugombana naye juu ya mipaka ya shamba, unaweza kukaa mwaka bila kumwamkia, lakini akikuletea dawa unaipokea kwa mikono miwili na kunywa funda la kwanza yeye akiangalia. Kukataa ni kumwambia kwamba unadhani ametia kitu. Baada ya hapo hakuna kikao kitakachowapatanisha. Kwa hiyo mama alikunywa, na mimi nilikaa pembeni nikitabasamu kwa namna niliyojifunza kwa wahadhiri wangu, mdomo ukiinuka upande mmoja tu.

Wa pili alikuwa daktari wa hospitali ya misheni. Alikuwa mtawa wa Kizungu, mwanamke mkavu mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kuliko changu. Nilimpeleka mama huko kwa sababu nilitaka tiba ya kweli. Daktari alimsikiliza kifuani kwa kipimo na wakati huohuo akamshika kifundo cha mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Alitueleza kwamba mapigo yalikuwa hayana mpangilio, na kwamba mengine yalianza kifuani yasifike mkononi. Akatoa vidonge vidogo vyeupe vya digoksini, kimoja kila asubuhi, na vingine vya kupunguza maji mwilini.

"Kabla ya kumpa kidonge," aliniambia, "hesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, usimpe. Mlete hapa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Daktari. Mimi nina shahada."

"Vizuri. Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayokunywa nyumbani?"

Mama akanitazama. Mimi nikautazama ukuta, uliokuwa na picha ya mama mwingine amempakata mtoto mwingine, wote wawili wakiwa na afya njema. Kichwani nilikuwa naona kibuyu, ugoro, na mjomba akikatakata vitunguu sakafuni miguu ameinyoosha. Nikaona jinsi yule mtawa atakavyoinua kichwa na kuniangalia upya.

"Hapana, Daktari," nilisema.

Mama aliliacha jibu langu lisimame. Hospitalini mtoto aliyesoma ndiye msemaji wa familia.

Mambo yangebaki hapo, na huenda yasingeharibika sana, kwa kuwa wakati ule nilikuwa nikimshauri mama amwage uji wa mjomba mara tu akigeuka. Kilichoharibu ni semina. Walimu tuliitwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu kujitegemea, na mtoa mada mmoja alitufokea kwamba wasomi tumelishwa dharau ya vitu vyetu. Tunadharau ngoma zetu, alisema, tunadharau vyakula vyetu, tunadharau hata mizizi ya babu zetu. Nilikaa mstari wa mbele. Nilihisi kwamba anamsema mtu fulani ninayemfahamu, na jioni ile niliokoka.

Watu wengi waliookoka hurudi nyumbani na kuomba msamaha. Mimi nilirudi na karatasi. Niliazima rula na wino mwekundu wa shule, nikachora jedwali lenye safu saba kwa siku saba, na juu yake nikaandika MPANGO WA TIBA YA MAMA. Asubuhi: vidonge, tiba ya kisasa. Jioni: dawa ya mjomba kikombe kimoja, tiba ya asili. Nilikuwa nimepata muungano. Vita kati ya ukoloni na utamaduni wetu, vilivyowashinda watu wenye vichwa vikubwa, vilikuwa vimemalizika kwenye kifua cha mama yangu.

Mjomba, aliyekuwa amekuja tena, aliitazama ile karatasi kwa adabu ya mtu asiyejua kusoma lakini anayejua kwamba kuna kitu hakipo sawa.

"Hapa umeandika kiasi gani?"

"Kikombe kimoja."

"Mimi nilisema nusu. Na akiwa hakula, robo."

"Mjomba, sayansi haina nusunusu. Kipimo lazima kiwe kimoja kila siku, ndiyo tujue kinafanya kazi."

"Kitunguu hakijui siku. Kikichimbwa masika kinapoa, kikichimbwa kiangazi kinakuwa kikali. Sasa kikombe chako kitajuaje?"

"Ndiyo maana tunaandika," nilimjibu. Hata leo sijui nilimaanisha nini.

Mama alikuwa anachambua mlenda. "Mwache, kaka," alisema. "Amehangaika na rula tangu asubuhi."

Kilichobaki kilikuwa kuhesabu mapigo. Mimi nilikuwepo Jumamosi na Jumapili tu, na mama alikuwa hajui kusoma saa. Saa nyingine iliyokuwa ikitembea pale kijijini ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji. Huyu alikuwa mtu mfupi, mwenye shati jeupe lililofuliwa mara nyingi na upendo usio na kifani kwa taarifa. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulalamika.

"Ndugu mwalimu, mama yako haonekani kwenye shamba la kijiji."

"Anaumwa moyo, mwenyekiti."

"Moyo tu? Mbona namwona anatembea?"

Mama akajibu kutoka ndani, "Hata wewe unatembea, mwenyekiti, na hatujauliza kichwa kiko wapi."

Nilipomweleza kwamba moyo huu unahitaji kuhesabiwa kila siku na matokeo kuandikwa daftarini, uso wake ulibadilika kabisa. Hakuna aliyewahi kumpa kazi iliyomfaa namna ile. Siku ya pili alikuwa na daftari jipya, limeandikwa juu MAPIGO YA MOYO, KAYA NAMBA KUMI NA NNE, na mistari imepigwa mpaka ukurasa wa mwisho. Nilimfundisha kushika kifundo cha mkono. Siku ya kwanza alipata sabini na mbili, nami nilihesabu nyuma yake nikapata sabini na mbili. Tulipeana mikono.

Basi tulikuwa na vidonge, tulikuwa na vitunguu, tulikuwa na ratiba na tulikuwa na takwimu. Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri, hasa kwa sababu mama, bila kuniambia, alikuwa akijaza kikombe nusu kama kaka yake alivyosema. Nililigundua hilo Jumamosi moja na nikamkemea. Nilimkemea mama yangu. Nilimwonyesha karatasi. Akasema, "Haya, baba. Shahada ni yako," na tangu siku ile akajaza kikombe.

Kila mwezi nilimpeleka kwa daktari, na kila mwezi daktari aliuliza kama kuna dawa nyingine. Ile karatasi ya muungano ilikuwa mfukoni mwa shati langu, imekunjwa mara nne, juu kidogo ya moyo wangu mwenyewe. Kijijini nilikuwa mtetezi wa mizizi ya babu zetu. Nikishavuka lango la misheni, babu zangu wote walikufa mara ya pili. "Hapana, Daktari," nilisema, na kwa sababu Kiswahili chake kilinitisha, wakati mwingine nililisema kwa Kiingereza.

Mwaka ule mvua hazikunyesha. Uwele ulikauka ukiwa urefu wa goti, na serikali ikaleta unga wa msaada, unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Wanaoukumbuka hawahitaji kuelezwa, na wasioukumbuka hawawezi kuelezwa. Ugali wake ulikuwa wa njano kama kiini cha yai, ulinuka ghala, na kijiji kizima kikapoteza hamu ya kula. Watu walichukia kula na walichukia kulala njaa, wakawa hawajui walalamikie kipi.

Kwa hiyo mama aliposema hawezi kula, nani angeshangaa? Nusu ya mstari wetu ilikuwa haiwezi kula. Mama aliposema tumbo linamchafuka, jirani alisema lake pia. Na mama aliposema, "Mwaka huu kila kitu ni njano," tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

"Hata mlenda?" nilimuuliza.

"Hata mlenda. Hata shati la mwenyekiti."

"Shati la mwenyekiti ni uchafu, mama."

"Hata maziwa," alisema, na hapa hakucheka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka kimawazo. Nilikuwa nimepata insha.

Ndiyo. Ni lazima niliandike hili. Nilirudi Mandewa, nikakaa juma zima nikiandika insha ndefu kuhusu taifa linalolishwa unga wa kigeni mpaka linaanza kuiona dunia kwa rangi ya mfadhili. Nilimtumia mwanamke mmoja mkulima, asiyetajwa, anayeona maziwa yake mwenyewe ni ya njano. Niliona ni picha kali sana. Niliituma kwenye gazeti, na hawakuichapa; kwa hilo namshukuru mhariri wao mpaka leo. Kati ya insha hiyo na kusahihisha mitihani ya muhula, Jumamosi tatu zilipita bila kwenda nyumbani. Sikuwa na wasiwasi. Mwenyekiti alinitumia salamu kwa dereva wa basi kwamba mapigo ni sabini na mbili.

Jumamosi ya nne nilikwenda. Nilimkuta mjomba amekaa mlangoni, amefika tangu Alhamisi, na hakunitania kama kawaida yake. Ndani mama alikuwa amelala juu ya ngozi, amepungua, midomo mikavu, na kando yake kulikuwa na bakuli la matapishi lililofunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akafumbua macho. "Mbona siku hizi unavaa mashati ya njano?"

Shati lilikuwa jeupe. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Nilijitazama kwanza, ili kuhakikisha, kisha nikapiga magoti na kumshika mkono. Nilihesabu dakika nzima. Kulikuwa na pigo, halafu pengo refu kiasi kwamba nilipata muda wa kufikiri, halafu pigo jingine dhaifu, halafu mawili ya haraka kama mtu aliyejikwaa. Yalikuwa thelathini na nane. Nikahesabu tena nikidhani nimeruka. Yalikuwa thelathini na sita.

"Mjomba, hali hii imeanza lini?"

"Nimemkuta anatapika. Dawa yangu ikijaa mtu hutapika, na ikijaa inaachwa. Nimeisimamisha tangu Alhamisi."

"Na vidonge?"

"Vidonge sikuvigusa. Hivyo ni vya wenye shahada. Asubuhi hii amekunywa kimoja, maana mwenyekiti ametuma neno kwamba daftari linasema yuko sawa."

Nilitoka mbio kwa mwenyekiti. Alikuwa nje ya ofisi ya kijiji akirekebisha bendera. Nikamwomba daftari. Sabini na mbili, Jumatatu. Sabini na mbili, Jumanne. Nilifungua kurasa za nyuma, nikakuta sabini na mbili tupu; kilikuwa kijiji chenye moyo imara kuliko vyote duniani.

"Mwenyekiti, ulimpima leo?"

"Si imeandikwa?"

"Nauliza ulimpima?"

"Ndugu mwalimu, wiki hii yote nilikuwa mjini kwenye mkutano. Lakini nilimwacha akiwa sabini na mbili, na sikupokea taarifa yoyote ya mabadiliko."

"Na hii ya kesho? Umekwisha kuandika ya kesho!"

Alilitazama daftari kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Kesho Jumapili," alisema polepole. "Nilikuwa na kikao kingine."

Nilimtukana. Sitayarudia maneno yale kwa sababu yalikuwa ya Kinyaturu na hayapendezi yakihamishiwa Kiswahili. Alisimama akapokea yote. Kisha, bila kuandika popote wala kuomba kibali kwa yeyote, akalichukua trekta la shamba la kijiji, lililokuwa limetengwa kwa ajili ya ziara ya mkubwa fulani, akafunga tela, akaweka magodoro mawili na kuja nalo mpaka mlangoni kwetu. Ni haki nilitaje hilo. Aliliendesha vibaya sana.

Njiani mjomba alikipakata kichwa cha mama yangu mapajani, na mimi nilikishika kifundo cha mkono wake. Kwenye mawe ya Mungaa tela lilirukaruka, na kila liliporuka nilipoteza pigo na kudhani ndilo la mwisho. Mama alifumbua macho mara moja. "Usinibane," alisema. "Hautoki." Nilijua anasema juu ya moyo wake, lakini sikulegeza.

Daktari alimpokea bila hata salamu. Alisikiliza kifua, akamfunua kope, akamuuliza anaona rangi gani. Mama alisema njano. Daktari akanigeukia.

"Anakunywa vidonge vingapi kwa siku?"

"Kimoja, Daktari. Kimoja tu."

"Kimoja hakifanyi hivi. Nakuuliza tena, na safari hii nataka jibu. Kuna dawa nyingine?"

Nilianza kujibu kwa Kiingereza, lugha niliyoitunza kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimefika kwenye neno la nne au la tano, neno refu, mama aliposema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo lakini kila mtu wodini aliisikia:

"Mtolee karatasi."

"Mama..."

"Iko mfukoni kwako. Mtolee."

Nikaitoa. Ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Daktari aliifungua mezani, akasoma MPANGO WA TIBA YA MAMA, akafuata safu kwa kidole, siku kwa siku, asubuhi na jioni, wino mwekundu na wino wa bluu. Nilikuwa nimeandika vizuri. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Dawa ya mjomba ni ipi?" aliuliza.

Mjomba, ambaye hakuna aliyemwalika kuingia, akasogea, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wake wa ngozi na kuweka kitunguu juu ya ratiba. Daktari alikigeuzageuza, akamenya ganda moja, akagusa utomvu, akaenda kunawa. Aliporudi alizungumza naye, si na mimi.

"Nakifahamu. Kwetu Ulaya, pwani, kipo ndugu yake. Kinafanya kazi ileile ya kidonge changu. Kidonge kinapunguza mwendo wa moyo, na hiki kinapunguza mwendo wa moyo. Vikiwa pamoja, moyo unasimama."

"Kwa hiyo ni dawa," alisema mjomba.

"Ni dawa. Ndiyo maana inaua."

"Umesikia, mpwa wangu?" Alinigeukia uso uking'aa, dada yake akiwa nusu mfu mbele yake. "Daktari amesema ni dawa."

"Amesema inaua!"

"Amesema yote mawili. Wewe mwenye kuandika, andika yote mawili." Kisha akamgeukia tena daktari. "Na chako wewe, kinachimbwa wapi?"

"Kinatokana na ua. Linaota lenyewe, mwituni kwetu."

"Kumbe na nyinyi mna pori!" alisema mjomba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na yule mtawa mkavu akageuza uso dirishani ili tusimwone.

Hapakuwa na dawa ya kuondoa dawa. Walisimamisha kila kitu, wakampa maji ya chumvi kwenye mshipa na juisi ya machungwa, na muuguzi akawa anamhesabu kila saa kwa vidole vyake mwenyewe. Tulisubiri. Nililala kwenye baraza ya wodi juu ya kanga ya mama, nikiwaza kwamba ikiwa atakufa, chanzo cha kifo chake kitakuwa kimeandikwa kwa mwandiko wangu. Siku ya tatu mapigo yalifika hamsini. Siku ya tano aliniambia shati langu ni chafu. Lilikuwa chafu.

Tatizo lililobaki lilikuwa ndilo la tangu mwanzo. Moyo wake ulikuwa haujapona. Mlevi alikuwa bado anapepesuka, na bila tiba miguu ingevimba tena na pumzi ingekatika. Daktari alisema lazima achague dawa moja, na iwe mikononi mwa mtu mmoja. Yeye alipendekeza kidonge, kwa kuwa kila kidonge kina nguvu sawa na mwenzake, iwe masika au kiangazi. Nilikohoa nikajiweka sawa, nikidhani mtu huyo mmoja anajulikana.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, amekunja uso. Dawa yake ilikuwa inarudishwa. Sote tulijua maana yake, isipokuwa daktari.

"Kaka," mama alisema. "Ya kwako siwezi kuikataa."

"Naona unaikataa."

"Ya daktari siwezi kuiacha, nitakufa. Sasa nisikilize. Ukiichukua wewe ya daktari, ukanipa wewe kwa mkono wako, ukakaa unaniangalia nikinywa, nitakuwa nimekataa nini?"

Mjomba alitoa ugoro, akakumbuka alipo, akaurudisha.

"Nitahamia kwako?"

"Utahamia."

"Kwenye ule mstari?"

"Kwenye mstari."

Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja na trekta kuulizia hali, alisema kutoka mlangoni kwamba kaya mpya zinakaribishwa sana na kwamba anaweza kuiandikisha leo hii. Mama alimwambia akae kimya.

"Basi anikabidhi mwenyewe," mjomba alisema, akimwonyesha daktari kwa kidevu. "Isipitie kwa huyu."

Huyu nilikuwa mimi.

Daktari alikubali. Muuguzi akamfundisha mjomba kuhesabu kwa saa ya mchanga, chupa ndogo mbili zilizounganishwa shingo, mchanga ukiisha dakika imeisha, na kila mapigo kumi anaweka kokoto moja; zisipotimia sita, hatoi kidonge. Alijaribu mara nne mbele yetu na mara zote nne alilingana na muuguzi. Kisha akasimama, akavipokea vidonge kwa mikono miwili, akayarudia maelekezo yote tangu mwanzo, asipunguze wala asiongeze, nikadhani amemaliza.

"Sasa nikuulize," alimwambia daktari. "Akiharisha je? Asipokula siku mbili? Nampa au simpi?"

Daktari akaweka kalamu chini. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile mbele yake, na nilichowahi kumuuliza ni kama amewahi kufika Dar es Salaam.

"Kaa, mzee," alimwambia. "Hilo tulizungumze taratibu."

Mjomba akakaa. Mama alijiinua kwenye mto ili asikie vizuri, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama, akaniuliza kama naweza kwenda kuwatafutia chai.